Mkono Utakaovunja Kola

Umuagu, 8 Februari 1953

Kaka yangu Ejimofor,

Pokea salamu za wote tuliobaki katika boma letu, nasi si wengi: mimi, baba, mbuzi wawili, na Shangazi Ekwutosi, ambaye aliolewa kijiji cha pili lakini mdomo wake haukuhama. Tu wazima. Upepo wa kiangazi umetupasua midomo na kujaza vumbi kila chungu. Baba anakohoa, na ukimwuliza anasema anasafisha koo. Kaburi la mama nimelipalilia. Mshelisheli wa nyuma ya jiko umezaa mpaka tunagawa, na kila nikikaanga mbegu zake nakukumbuka, maana hakuna tena wa kuniibia.

Barua yako ya mwisho ilifika mwaka juzi kabla ya Krismasi. Tangu hapo ni kimya. Sikukuandikia kukulaumu. Nimeandika kwa sababu jambo limenifika shingoni.

Baba anataka kuniketisha. Unajua maana yake. Nisiolewe, nibaki katika obi yake, nyumba ya mwenye boma, kama mtoto wa kiume, na watoto nitakaozaa, baba yao awe nani awaye, waitwe kwa jina lake ili moto wa boma usizimike. Amekwisha kuzungumza na wazee wa ukoo nao wamekubali. Itakuwa siku ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, mwezi wa nane. Atashika kola, ile kokwa chungu ya baraka, mbele yao wote, atawaambia mababu kwamba hana mtoto wa kiume, kisha ataivunja. Kola ikishavunjwa hakuna wa kuiunga.

Nilimwuliza, "Baba, na Ejimofor?"

Akasema, "Nani?"

Kaka, kama ungekuwa umekufa ningekaa, wala nisingenung'unika. Lakini hujafa, uko Bukuru unachimba bati. Na kuna mtu ananitaka, nami namtaka. Alileta tembo lake la posa, baba akamwacha na kibuyu mapajani mpaka jua likamgeukia. Alimwambia kwamba tembo la kumposa binti huonjwa kwanza na kaka yake, na boma hili halina wa kulionja. Jina la mtu huyo liache kwanza. Wewe njoo. Ukionekana tu uani kwetu mambo mawili yatakwisha kwa mara moja: obi itakuwa na mwenyewe, na tembo litapata mdomo.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Nwanyibuife


Bukuru, 22 Machi 1953

Dada yangu, mama yangu mdogo, Buife,

Barua yako imenikuta mzima wa afya, mwenye nguvu zangu zote, na naomba nanyi muwe hivyo. Usiushangae mwandiko. Kalamu za huku hazina maana, na baridi ya mlima huu inagandisha vidole. Asubuhi tunaota moto kama wazee. Watu wa huku wanakula nafaka ndogo kama mchanga. Unameza bakuli zima na tumbo bado linauliza chakula kiko wapi. Jana nilipita mahali mtu anachoma kiazi kikuu, mmoja wa watu wetu aliyekipata sijui kwa njia gani, nikasimama pale kama mbwa. Hakunipa. Nilinusa nikaenda zangu.

Kazini mambo yamenyooka. Siingii tena shimoni. Nimepewa watu wa kuwasimamia. Wao wako chini, mimi nimesimama juu. Ndiyo sababu siwezi kuondoka, maana nikigeuza kisogo tu nafasi hii itapata mwenyewe mwingine. Na hata ningeweza, nirudi na nini? Nilisema nitarudi na baiskeli na mabati ya kuezeka obi. Mkono mtupu haulambwi. Nimempa mtu anayeshuka Enugu kitambaa cha maua mekundu akuletee. Kishone uvae sokoni siku ya Nkwo, waulize ni nani kakupa.

Huyo mtu wako ni nani? Mtoto wa nani? Mwanamume anayekaa juani mpaka jua limgeukie ama ni mvumilivu sana ama ni mjinga.

Kuhusu kuja, baba anajua mahali nilipo. Asiponiita kwa kinywa chake sirudi. Msalimie. La, usimsalimie. Mwambie tu kwamba barua imefika.

Kaka yako,
Ejimofor


Umuagu, 14 Aprili 1953

Kaka yangu,

Nimepokea barua na kitambaa, nashukuru mno. Shangazi Ekwutosi amekishika, amekinusa, amekivuta huku na huku, kisha akasema maua yake ni makubwa kuliko akili ya aliyekinunua. Kesho yake alirudi kuuliza kama kuna kipande kilichobaki. Mvua ya kwanza imenyesha na tumeanza kupanda. Mbuzi mmoja amezaa mapacha.

Mwandiko wako, kaka, baridi hiyo kweli ni kali. Mwalimu alikuwa akiuonyesha darasa zima, na sasa ni kama kuku aliyekunywa tembo amepita juu ya karatasi. Hata herufi zimelalia upande mwingine. Pasha vidole moto kabla ya kuandika.

Nilimsomea baba barua. Huwa anajifanya hasikii. Alikuwa ananoa panga. Nilipofika pale pa kiazi kikuu cha kuchoma, panga liliacha kulia juu ya jiwe. Nilipomaliza akaniambia, "Soma tena ile ya chakula." Nikasoma tena. Akarudi kunoa.

Unasema akuite kwa kinywa chake. Najua kinywa hicho kilichosema. Nilikuwepo uwanjani, nimebeba maji ya kukuosha. Mgongo wako haukuwa umegusa mchanga kwa misimu yote ile, na siku ile ukaugusa, na baba akainuka mbele ya vijiji viwili akasema, "Nilidhani nina binti mmoja. Kumbe ninao wawili." Watu wakacheka. Wewe hukurudi hata kunawa. Yapata miaka minne sasa, na baba hajakanyaga tena uwanja wa mieleka. Ngoma zikianza yeye huenda shambani, hata kama shambani hakuna kazi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Kila mwaka baba anapanda mstari mmoja kando, karibu na kile kichuguu ulikopenda kulala. Akivuna anavifunga viazi vyake ghalani kwenye mti wa peke yake. Haviliwi, haviuzwi. Ukifika wakati wa kupanda anavikata mbegu na kuvirudisha udongoni. Hajasema ni vya nani, na hakuna anayemwuliza. Mwaka juzi Shangazi alichukua kimoja akapike. Baba alikwenda mpaka jikoni kwake akakitoa kwenye maji ya moto.

Unauliza mtu wangu ni nani. Ni mchonga milango, anatoka ng'ambo ya kijito, na hana maneno mengi. Nilimwambia kwamba nikiketishwa bado anaweza kuja kwangu, desturi inamruhusu, ila watoto hawatakuwa wake. Akasema, "Buife, mimi si jogoo wa kuazimwa." Hata yeye ana kiburi chake. Nimezungukwa na wanaume wenye vichwa vigumu, na maisha ni yangu.

Niambie unakuja.

Buife


Bukuru, 17 Mei 1953

Kwa Nwanyibuife,

Salamu. Mimi mzima.

Nimewaza sana juu ya jambo lako, na naona baba hakukosea. Kuketishwa si aibu. Ni heshima wanayopewa mabinti wachache. Utakuwa na neno mbele ya wazee, na hakuna mume wa kukufokea. Nyumba ulimozaliwa ndimo utakamozikwa. Wanawake wangapi wanapata hayo?

Na kuhusu huyo mchonga milango, watu wa ng'ambo ya kijito siwajui wengi. Mmoja namjua kwa mgongo wangu. Nitajie jina.

Hivyo viazi, mwambie baba aviuze.

Ejimofor


Umuagu, 7 Juni 1953

Kaka Ejimofor,

Baba mzima, mbuzi wazima, Shangazi mzima kupita kiasi. Viazi vimeanza kupanda mitini. Salamu ziishie hapo.

Jina lake ni Mbanugo. Ndiye yeye. Sikulitaja kwa sababu nilijua ukilisikia tu utaacha kunisikia mimi.

Sasa sikiliza. Siku ya pili baada ya wewe kuondoka alikuja hapa, amebeba jogoo. Baba alikuwa shambani. Nilimwambia, "Umekuja kumcheka?" Akasema, "Nimekuja kumsalimu. Ukimwangusha mtu usiende kumsalimu, ni kama umempiga gizani." Nikamwambia umekwenda. Alikaa chini pale mlangoni na yule jogoo wake, akatazama miguu yake, akasema, "Niliteleza. Nilimwangusha kwa kuteleza. Nilitaka kumwambia." Huyo ndiye mtu unayemchukia. Akaona mlango wa ghala umeoza, akarudi wiki iliyofuata na ubao. Sikumpenda kwa siku moja. Kwanza niliupenda mlango.

Unasema kuketishwa ni heshima. Heshima hiyo ni ya nani? Baba alikuita wewe binti mbele za watu, na mimi ndiye ninayelipia tusi hilo kwa kufanywa mwana. Yeye baba ndiye aliyenipa jina hili, kwamba mwanamke naye ni kitu. Alipokuwa ananibeba mabegani mpaka sokoni alilitamka kwa sauti kubwa ili watu wasikie. Sasa anataka niwe kitu kingine, na wewe unamshikia mlango.

Na mimi siamini, kaka. Siamini baiskeli, siamini mabati, siamini hao watu unaowasimamia. Kaka niliyemjua angekuja kwa miguu kutoka Bukuru ili tu kugombana na Mbanugo. Kuna kitu unakificha. Mficha uchi hazai. Niambie mimi, nami nitajua la kufanya.

Ninakukosa mpaka nakasirika. Nikisikia mtu anakohoa njiani jioni nachungulia.

Buife


Bukuru, 5 Julai 1953

Mama yangu mdogo,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa peke yako. Kama baba yuko karibu ikunje kwanza.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua, mkanda wa mashine ya kupampu maji ulinikamata mkono wa kulia. Walinipeleka hospitali wakaukata chini ya kiwiko. Nilikaa huko mpaka mvua zikaisha. Watu niliokuambia nawasimamia ni majembe. Nalinda stoo ya majembe. Nayatoa asubuhi, nayapokea jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, na nimejifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa makaa, kwenye ubao wa sanduku. Barua ile ya Machi ilinichukua siku kadhaa.

Sasa umejua. Hebu niambie mwenyewe, nirudi kufanya nini? Ofo ya ukoo, fimbo ya mababu, inashikwa kwa mkono wa kulia. Kola inatolewa kwa mkono wa kulia. Tukiwa watoto tulichapwa hata kwa kupokea kipande cha nyama kwa kushoto. Nitasimama wapi katika obi ya baba? Alinidhihaki nikiwa na mikono miwili na mgongo wenye mchanga. Je, akiniona hivi? Nikiwa mbali, mimi bado ni Ejimofor mwana wa Anizoba aliyekwenda zake kwa hasira. Watu wanaweza kusema ni mkaidi, mimi ukaidi siuogopi. Nikirudi nitakuwa yule mwenye kigutu.

Usifikiri sijui ninachokufanyia. Nilipoandika kwamba kuketishwa ni heshima nililia, na kulia nikiwa nalinda majembe si jambo la kumwandikia mtu. Lakini baba akisema hana mwana, atakuwa amesema kweli, na mambo yamalizike.

Kuna kitu kimoja. Asubuhi kabla sijaamka sawasawa mkono ule bado upo, na vidole vinashika jembe letu, lile la mpini uliopinda. Nauhisi mpini. Halafu naamka.

Usimwambie baba. Kwa kaburi la mama, Buife, usimwambie.

Ejimofor


Umuagu, 24 Julai 1953

Kaka yangu, roho yangu,

Nilisoma barua yako nyuma ya jiko, nikakaa pale mpaka kuku wakaanza kunipanda miguuni. Pole. Pole sana. Neno ni dogo lakini sina jingine. Ulikaa hospitali mvua zote zile na hapakuwa na mtu wa kukupelekea hata mchuzi wa majani machungu. Nilikuwa hapa nakulaumu kwa kutoandika. Na mwandiko wako niliufanyia mzaha wa kuku, Mungu anisamehe.

Uliniomba nisimwambie baba. Nimemwambia.

Kasirika. Wewe ulininyima kitu kimoja nilichokuomba, nami nimekunyima kimoja ulichoniomba, basi tumelingana. Sikuweza kumwona mtu anapanda mstari wa viazi kwa ajili ya mwanawe huku nimeficha habari za mwanawe huyo kwenye upindo wa nguo.

Alikuwa ghalani anakaza kamba. Nilisimama mlangoni, mlango wa Mbanugo, nikasema, "Baba, Ejimofor hana mkono wa kulia. Mashine ilimkata, mwaka sasa." Hakugeuka. Aliendelea kukaza ile kamba, akaikaza, akaikaza, mpaka kiazi kikakatika vipande viwili kikaanguka. Akaviokota. Akasema, "Nani alimpikia?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Nenda ukapike." Nikamwacha humo. Hakula.

Hajaniambia lolote tangu hapo, wala juu yako wala juu yangu. Wazee walipokuja kupanga sikukuu aliwaambia mbuzi yuko tayari. Sijui anawaza nini. Huenda nimeharibu yote, yako na yangu. Mbanugo ameacha kuja. Amesema atangoja kola ivunjwe ndipo ajue aelekee wapi. Usiku wa manane na mchana kwangu sasa ni sawa.

Njoo, kaka. Hata kama ni kunigombeza, njoo.

Buife


Umuagu, 30 Agosti 1953

Kaka Ejimofor,

Hukujibu. Nilikwenda misheni kila barua zilipofika, mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni. Naandika hata hivyo. Salamu zote ni zako, na sisi tu wazima, na mbuzi aliyekuwa tayari amekwisha kuliwa.

Kwanza nikueleze habari za panya. Mwezi mzima nilikuwa naokota nyuma ya ghala vipande vya kola vilivyopondeka, vingine vina mchanga, vingine vimetafunwatafunwa. Nikasema panya wa mwaka huu wana kiburi, wamekinai viazi wanataka kola. Nikatega mtego. Asubuhi nikakuta mtego umewekwa juu ya paa, na baba ananitazama kwa jicho baya. Nikauacha huko huko.

Siku ya sikukuu obi ilijaa. Wazee wote wa ukoo walikuwepo, vijana wamesimama nje, na Shangazi Ekwutosi na mabinti wenzake wa ukoo wameketi chini ya upenu kuhakikisha hakuna kinachosemwa bila wao. Mimi nilikuwa nimepakwa chaki na kuvikwa kitambaa chako cha maua mekundu. Mbanugo alikuwa nyuma kabisa karibu na njia, kama mtu anayepita tu. Nilikuwa nimekwisha kulia usiku, sikuwa na kitu kilichobaki.

Wakamletea baba sahani. Akaiinua kola kwa mkono wa kulia kama ilivyo desturi, akawaita mababu kwa majina. Watu wote walijua sentensi inayofuata. Nilitazama ardhi.

Kaka, akaihamishia kola mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akauweka nyuma ya mgongo.

Mzee Nwankiti akasema, "Anizoba, mkono."

Baba akasema, "Nauona."

"Huo ni wa kushoto."

"Nimezaliwa nao, Nwankiti. Najua ni upi."

Minong'ono ikaanza. Akaanza kuivunja kwa kidole gumba peke yake, kola ikamponyoka ikaanguka mchangani mbele ya wote. Shangazi akaziba mdomo wake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Baba akainama, akaiokota kwa kushoto, akaipangusa pajani, akaanza tena. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mtu mmoja kijana akainuka kumsaidia, baba akamwambia, "Keti chini kabla sijakuketisha." Nwankiti akasema tena, "Mababu hawali kola ya mkono huo." Baba akamtazama. "Mababu wanakula kola au wanakula mkono? Kama wanakula mkono, wa mwanangu wamekwisha kuula mmoja. Nani kati yenu ametoa zaidi?"

Kola ikapasuka. Akaviinua vipande juu ya kiganja, akasema, na haya ndiyo maneno yake, nimeyashika yote: "Mwanangu Ejimofor anawasalimu. Nikiondoka mimi, hivi ndivyo atakavyowavunjia. Zoeeni." Kisha akaipitisha sahani, kwa kushoto, na kila mzee akachukua. Nwankiti alichukua mwisho, lakini alichukua.

Sikuketishwa. Walisahau hata kuniambia niinuke. Nilikaa pale na chaki yangu mpaka Shangazi akanivuta. Alinikumbatia, akasema, "Nenda kanawe, unatisha."

Jioni nilimfuata baba ghalani. Nilimwuliza, "Nimwandikie nini Ejimofor?" Alikuwa anautazama ule mti wa viazi vyako. Akasema, "Mwambie mwaka huu vimezaa vizuri." Nikasubiri. Akasema, "Mwambie siku ile uwanjani..." halafu akaanza kusafisha koo, akasafisha muda mrefu, nami nikatazama pembeni. Mwishowe akasema, "Mwambie viazi vinataka kufunguliwa kwenye mti, na mimi si mwenyewe."

Umesema akuite kwa kinywa chake. Kaka, huko ndiko kuita kwake. Kinywa kile hakiwezi kuita zaidi ya hapo, na kimeita mbele ya ukoo mzima.

Nwanyibuife


Bukuru, 20 Septemba 1953

Buife, mama yangu mdogo,

Mimi si mzima sana, lakini nipo, nawasalimu nyote.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, baadaye kwa sababu nilikuwa na haya. Barua yako ya sikukuu nimeisoma mpaka imechanika penye mikunjo. Pale kola ilipoanguka nasimama kila mara. Nimemwona baba anainama.

Nimerudisha ufunguo wa stoo. Treni inaondoka Alhamisi. Sina baiskeli, sina mabati. Usije kunipokea barabarani na umati. Nataka kuingia uani kama mtu anayerudi kutoka shambani. Waambie viazi visiguswe, nitavifungua mimi, hata ikinichukua mpaka mvua nyingine.

Mwambie Mbanugo alete tembo lake. Mwambie mchanga wake bado uko mgongoni mwangu, na siku moja tutazungumza habari za kuteleza. Lakini alete. Nitalipokea kwa mkono nilio nao.

Kaka yako,
Ejimofor